Bibi na Times New Roman

Bibi yangu alikishika kijitabu kwa mikono miwili, akakisogeza mbali, akakileta karibu, akakisogeza mbali tena. Tulikuwa tumekaa barazani kwake Mlingotini, jamvi limetandikwa, ukili wa mkeka anaoushona umeviringishwa pembeni. Jalada alilisoma bila taabu, tena kwa sauti, maana jina lake lilikuwa pale kwa herufi kubwa. Akafungua ukurasa wa kwanza. Akasoma maneno matatu, akakwama. Akarudi mwanzo, akasoma manne, akakwama palepale. Akakifunga, akakiweka juu ya ukili, akaniambia kwa upole, kama mtu anayetoa habari ya msiba wa mbali: "Mjukuu wangu, kisomo kimenitoka."

Kitabu chenyewe kilikuwa chake. Kwa miaka miwili, kila nilipotoka Dar es Salaam kwenda kumwamkia, nilikuwa namrekodi kwa simu akieleza mambo mawili aliyoyafanya kwa mikono yake: kilimo cha mwani na ususi wa mikeka. Nikaandika maneno yake, nikayapanga, nikapata kurasa 24. Nikazipeleka steshenari moja pale Bagamoyo mjini, nikatoa kopi 30 za kugawia watoto, wajukuu, na kina mama wa mwani anaofanya nao kazi. Nilijiona nimefanya jambo kubwa. Na mtu wa kwanza kupewa nakala akashindwa kuisoma.

Bibi hakusoma shule utotoni. Alijifunza kusoma akiwa mama wa watoto wawili, katika kampeni ya elimu ya watu wazima iliyoanza baada ya Mwalimu Nyerere kuutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu hiyo. Waliketi jioni, taa ya chemli katikati, mwalimu wao akiwa kijana mdogo kuliko wanafunzi wote. Husimulia habari hiyo kama wengine wanavyosimulia harusi zao. Kwa hiyo aliposema kisomo kimemtoka, alikuwa anasema kwamba kitu alichokitafuta kwa jasho, akiwa mtu mzima, mbele ya watu, kimepotea.

Nilidhani ni macho. Lakini jioni ileile jirani alipita na kanga mpya, na bibi akalisoma jina la kanga toka ng'ambo ya ua, akacheka kwa fumbo lililokuwemo. Miwani yake ni nzuri. Kisomo hakijamtoka. Basi kosa lilikuwa kwenye ukurasa wangu, na ukurasa wangu ulikuwa umeandikwa kwa Times New Roman, pointi 12, mistari imebanana, pande zote mbili zimenyooshwa.

Makala hii ni uhakiki wa fonti hiyo. Najua kwamba watu wengi hawadhani fonti inahakikiwa. Tunahakiki riwaya, mashairi, filamu, hata jalada la kitabu. Herufi yenyewe tunaiacha kama hewa. Mimi pia niliiacha hivyo mpaka siku ile.

Kwa nini niliichagua? Jibu la kweli ni kwamba sikuichagua. Chuoni tuliambiwa kazi zote ziwe Times New Roman, pointi 12, na aliyekiuka alipunguziwa alama. Baada ya miaka mitatu ya hivyo, fonti hii inakuwa sare ya shule: unaivaa bila kuuliza kama inakutosha. Na kompyuta nazo zilikuwa na mchango wao. Times New Roman ilikuja ndani ya Windows toka toleo la 3.1 la mwaka 1992, na kwa miaka mingi ndiyo iliyokuwa ikifunguka yenyewe kila ulipoanza waraka mpya wa Word, mpaka Calibri ilipochukua nafasi yake mwaka 2007. Barua za kuomba kazi, mihtasari ya vikao, hati za viwanja, tasnifu za uzamili: nchi nzima imeandikwa kwa herufi ambayo karibu hakuna aliyeketi akaiamua.

Lakini kule ilikotoka iliamuliwa, tena kwa makini. Times New Roman ilizaliwa gazetini. Mwaka 1929 Stanley Morison, mshauri wa kampuni ya Monotype, alilikosoa gazeti la The Times la London kwamba limechapwa vibaya na sura yake imepitwa na wakati. Gazeti likamkabidhi kazi ya kulitengeneza upya. Michoro ikafanywa na Victor Lardent, mchoraji wa idara ya matangazo ya gazeti hilo, kwa kuanzia na herufi iitwayo Plantin, yenye asili ya karne ya 16. Tarehe 3 Oktoba 1932 gazeti likatoka na herufi mpya.

Ukitazama kazi waliyopewa, utaielewa sura waliyoichora. Gazeti lina safu nyembamba, na kila inchi ya karatasi ni fedha. Kwa hiyo herufi zikabanwa ubavuni ili maneno mengi yaingie katika mstari. Shingo za herufi kama b, d na h zikafupishwa, na mikia ya g na p pia, ili mistari ikae karibu bila kugongana. Wakati huohuo miili ya herufi ndogo, yaani a, e, n, o na wenzao, ikafanywa mikubwa kwa kimo chake, ili msomaji asiumie. Mwisho, mistari minene ya herufi ikawa minene kwelikweli, na ile myembamba ikawa myembamba kama unywele, hali inayoupa ukurasa ung'aavu na ukali fulani, kama shati lililopigwa pasi. Na chini ya kila mguu wa herufi zikawekwa serifu, zile nyayo ndogo, zilizochongwa kwa ncha kali.

Kwa kazi ile, ni fonti nzuri sana. Nasema hivyo bila kejeli. Inaingiza maneno mengi mahali padogo na bado yanasomeka. Lakini ilikuwa na sharti moja: The Times lilichapwa kwenye karatasi bora kuliko magazeti mengine, kwa mitambo mizuri. Magazeti ya karatasi hafifu hayakuikimbilia, kwa sababu ile mistari myembamba kama unywele ilihitaji karatasi nyeupe na wino safi ili isipotee. Na mwaka 1972, mitambo na karatasi vilipobadilika, The Times lenyewe liliiacha, likachukua herufi nyingine. Waliotengenezewa waliivua baada ya miaka 40. Sisi bado tumeivaa.

Sasa niseme habari ya Kiswahili, maana hapo ndipo uhakiki wenyewe ulipo.

Kuna sadfa ya tarehe inayonivutia. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, iliyosanifisha Kiswahili tunachokiandika leo kwa kufuata lahaja ya Unguja, ilianza kazi mwaka 1930. Miaka miwili baadaye Times New Roman ikatoka. Vitu viwili vilivyotengenezwa wakati mmoja, katika dola moja, kwa nia inayofanana: kuondoa tofauti, kubana matumizi, kila ukurasa ulingane na mwenzake. Kabla ya hapo maandishi ya pwani yalikuwa na sura nyingi. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa huku kwetu Bagamoyo aliyelelewa katika elimu ya Kurani na hati ya Kiarabu, kitabu chake juu ya desturi za Waswahili kilichapwa Göttingen mwaka 1903 kwa herufi za Kilatini, chini ya uhariri wa Carl Velten. Padre Charles Sacleux, aliyeishi Bagamoyo na Zanzibar, alitoa kamusi yake kubwa ya Kiswahili na Kifaransa Paris mwaka 1939, na kurasa zake zimejaa alama juu na chini ya herufi, kwa sababu alitaka kunasa sauti za kila lahaja.

Kiswahili sanifu kilizitupa alama zote hizo. Hakina Q wala X, hakina herufi yenye kofia wala nukta ya ziada, na kitu pekee cha kipekee kilichobaki ni kile kiritita cha ng'. Faida yake ni kubwa: Kiswahili kinaingia katika fonti yoyote duniani bila kubadilishwa chochote. Jirani zetu wengi hawana bahati hiyo. Lugha yenye alama za toni au vokali za ziada inalazimika kutafuta fonti inayoifaa, na katika kuitafuta inalazimika kuuliza maswali. Sisi hatukuuliza. Kwa kuwa kila fonti inatuenea, hakuna aliyetaka kujua inatueneaje.

Chukua neno "mwani", ambalo limo karibu katika kila aya ya kitabu cha bibi. Liandike, ulitazame kama picha. Hakuna shingo inayopanda juu, hakuna mkia unaoshuka chini. Ni bonde tupu. Sasa andika "wanaume", "anaumwa", "wameamua", "usiniumize". Yote ni mabonde. Kiingereza kina "the", "that", "which", "light": maneno yenye minara, na jicho la msomaji hushika minara hiyo likipita. Maneno ya Kiswahili yenye minara yapo, "kitabu" na "dhahabu" ni mfano, lakini sarufi yetu inakaa bondeni. Viambishi tunavyovitumia kila sentensi, wa-, m-, mu-, ma-, na-, ana-, ina-, -me-, -ni-, vimeundwa kwa herufi fupi tupu. Na vinakaa mwanzoni mwa neno, mahali ambapo jicho linahitaji kushika kitu. Nani ametenda, nani ametendewa, lini: yote hayo yanategemea kutofautisha n na m, u na w, vikiwa vimepangana kama samaki kwenye tenga.

Tofauti ya "wanauma" na "wanaumwa" ni herufi moja fupi. Tofauti ya "wameona" na "wamenona" vilevile. Na neno la kila siku, "ununuzi", ni u, n, u, n, u: umbo moja linalopinduliwa juu chini mara tano. Kwenye herufi zisizo na serifu, n ni u iliyopinduliwa na hakuna zaidi. Kwenye herufi yenye serifu, n ina nyayo chini ya miguu yake miwili, na u ina vibendera juu ya mabega yake. Hapo ndipo serifu inapofanya kazi ya kweli kwa msomaji wa Kiswahili. Sidai kwamba serifu ni bora kila mahali. Utafiti uliofanywa kwa miaka mingi haujatoa mshindi wa wazi kati ya herufi zenye serifu na zisizo nazo. Nadai tu kwamba katika lugha inayokaa bondeni, alama yoyote inayotenganisha herufi fupi ni ya thamani, na serifu ni mojawapo.

Basi Times New Roman ingekuwa jibu, maana ina serifu na miili mikubwa ya herufi fupi. Kwenye karatasi nzuri, pengine ndivyo. Lakini mambo mawili yanaiangusha.

La kwanza ni ule ubanaji wa ubavuni. Maneno yetu ni marefu, kwa sababu kitenzi kimoja hubeba sentensi nzima. "Tuliyowafundisha" ni neno moja. Ukiyapanga maneno kama hayo katika mstari na kuagiza kompyuta inyooshe pande zote mbili, kompyuta haina pa kukata neno, kwa kuwa programu nyingi hazijui mahali pa kukatia neno la Kiswahili. Kwa hiyo huyatawanya maneno machache yaliyopo ili mstari ujae. Ndani ya neno herufi zimebanana, baina ya maneno kuna mashimo. Fungua ripoti yoyote ya Kiswahili uliyonayo, ikunje macho kidogo, utayaona mashimo hayo yakishuka ukurasa mzima kama vijito.

La pili ni mashine. Kazi yangu haikuchapwa kwenye mtambo wa gazeti la London. Ilichapwa mara moja, kisha ile nakala ikatolewa kopi kwenye mashine ambayo wino wake ulikuwa ukingoni, siku ya joto, karatasi ikiwa imevuta unyevu wa bahari. Ile mistari myembamba ambayo Morison na Lardent waliichora kwa karatasi nyeupe ya The Times ndiyo ya kwanza kufa katika hali hiyo. Nilipochukua nakala ya bibi nikaitazama kwa makini, niliona kimstari cha katikati cha e kimetoweka mahali pengi, na e ikawa c. Upinde unaounganisha miguu ya n ulikuwa umekatika, na n ikawa vijiti viwili vilivyosimama. Ukiyajua maneno vizuri, ubongo unajaza mapengo hayo bila wewe kujua. Mimi nilikuwa nimeyasoma mara ishirini. Bibi alikuwa anayaona kwenye karatasi kwa mara ya kwanza.

Nilirudi Dar nikiwa na deni. Nikaanza kutafuta herufi iliyotengenezwa kwa ajili ya mashine mbovu, nikagundua kwamba ipo. Mwaka 1987 Matthew Carter alichora fonti iitwayo Charter kwa kampuni ya Bitstream. Printa za ofisini za wakati ule zilikuwa na uwezo mdogo; mstari mwembamba ulivunjikavunjika, mkunjo laini ukawa ngazi. Carter akachora herufi inayovumilia hali hiyo: serifu nene zilizokatwa mraba kama ncha ya patasi, mikunjo michache, tofauti ndogo kati ya mstari mnene na mwembamba. Baadaye Charter ikagawiwa bure, na shirika la SIL likajenga juu yake fonti ya Charis, inayopatikana bure na yenye alama za lugha nyingi za Afrika ambazo fonti za kawaida hazina. Kwa maneno mengine, mtu wa mbali alikuwa amekwisha kulitatua tatizo la steshenari yetu, miaka mingi kabla sijajua kwamba ni tatizo.

Nikaandaa karatasi tatu, kila moja na aya tofauti ya kitabu kilekile. Ya kwanza ilikuwa kama mwanzo: Times New Roman, pointi 12, pande zote zimenyooshwa. Ya pili ilikuwa Times New Roman pia, lakini pointi 14, mistari imeachana zaidi, upande wa kulia umeachwa huru. Ya tatu ilikuwa Charis, kwa mpangilio sawa na wa pili. Zote nikazihifadhi kama PDF, maana ukienda na faili la Word na kompyuta ya steshenari haina fonti yako, itakuwekea ya kwake bila kukuuliza. Nikazitoa kopi kwenye mashine ileile ya Bagamoyo, nikashika njia ya Kaole mpaka Mlingotini.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Umeniletea tena mtihani?"

Nikamwambia mtihani si wake, ni wa karatasi. Akavaa miwani.

Ya kwanza ilimshinda kama awali. Lakini safari hii hakusema kitu juu ya kisomo. Aliitazama kwa jicho la fundi, akapitisha kidole juu ya mstari mmoja, akasema: "Huyu kasuka vibaya. Hapa kabana, hapa kaacha matundu. Mkeka wa hivi nani atanunua?" Alikuwa anaonyesha mashimo yaliyoachwa na kule kunyoosha pande mbili. Mimi nilihitaji wiki mbili za kusoma ili nijue kuyaona.

Ya pili aliisoma. Taratibu, lakini aliisoma, akirudi nyuma mara mbili: mara moja kwenye "wanamwambia", mara nyingine kwenye neno ambalo e yake ilikuwa imegeuka c. Hili nalisema kwa uaminifu, kwa sababu lilivunja sehemu ya hoja niliyokuja nayo. Nilitaka Times New Roman iwe mkosaji peke yake. Ukweli ni kwamba kukuza herufi na kuachanisha mistari kulifanya kazi kubwa kuliko kubadilisha fonti. Kosa kubwa la kwanza lilikuwa langu: pointi 12 zilizobanana, kwa mazoea ya chuo.

Ya tatu aliisoma kwa mwendo wa mazungumzo. Nilipomuuliza ina tofauti gani na ya pili, aliziweka pamoja jamvini, akazitazama. "Hizi zimekanyaga chini," akasema. "Zile zimesimama kwa vidole."

Sijasoma maelezo ya serifu ya Charter yaliyo bora kuliko hayo.

Kisha akakwama. Nikadhani ni herufi tena. Akarudia mstari, akanitazama juu ya miwani.

"Hapa umeandika nini?"

Nikasoma: kwamba kufunga mbegu shambani hufanywa siku za maji mafu.

"Nani kakuambia maji mafu?"

Wewe, bibi, nilitaka kusema. Nikaitafuta rekodi kwenye simu, nikaisikiliza mbele yake. Alikuwa amesema bamvua. Alieleza habari ya bamvua, kisha akataja maji mafu kama siku za kukaa nyumbani kushona ukili, na mimi katika kuandika nilizichanganya. Kwa msomaji wa mjini ni kosa dogo. Kwa anayelima ni kitabu kizima kimeharibika: siku za bamvua maji huondoka mbali, vijiti vya shamba hubaki wazi, unafunga mbegu ukiwa umesimama. Siku za maji mafu bahari haiondoki. Mtu anayefuata maelekezo yangu angefika pwani na kamba zake akalikuta shamba limefunikwa, akarudi nyumbani akidhani bibi yake hajui kazi.

Kosa hilo lilikuwa limekaa katika nakala 30. Nakala 29 nilikuwa nimekwisha kuzigawa. Hakuna aliyelipigia simu. Watoto na wajukuu wa mjini hawajui bamvua. Kina mama wa mwani wanaijua vizuri, na nilipowauliza baadaye, wawili waliniambia wametunza kitabu vizuri, lakini "maandishi yake madogo", hawajakisoma. Mtu pekee aliyekuwa na haki na ujuzi wa kunisahihisha alikuwa amefungiwa nje ya ukurasa, na alipofungiwa, alijilaumu mwenyewe.

Tunaposema fonti fulani inasomeka, huwa tunamfikiria msomaji aliyekwisha kuzoea: mhadhiri, mhariri, mimi. Huyo atasoma chochote. Ubora wa herufi ya kitabu unapimwa kwa yule anayesoma kwa kazi: mzee, mtoto wa darasa la pili, mama aliyejifunza kwa taa ya chemli. Times New Roman ni kazi nzuri ya watu waliojua msomaji wao ni nani, karatasi yake ni ipi na mtambo wake ni upi. Tukiichukua herufi yao bila kuuliza maswali yao, tumechukua sehemu isiyo na faida.

Toleo la pili lilikuwa na kurasa 40 badala ya 24. Kwa shilingi 100 kila ukurasa, kitabu kilichogharimu 2,400 sasa kiligharimu 4,000, na nakala 30 zikaniongezea shilingi 48,000. Fedha hiyo ndiyo hoja halisi ya Times New Roman, na siidharau. Kuna shule na vikundi ambavyo shilingi 48,000 ni kazi ya mwezi. Lakini nakala 30 za kwanza zilinigharimu shilingi 72,000, na hazikusomwa na waliohitaji kuzisoma. Hizo ndizo zilizokuwa ghali.

Nilikwenda kukusanya zile za zamani, nikaziteketeza zote isipokuwa moja. Ile moja bibi alinikatalia. Anaitumia barazani kufungia ncha za ukili zisifumuke, na juu ya ukurasa wa 9, kwa kalamu ya mjukuu wa darasa la nne, amekata neno "mafu" kwa mstari mnene, akaandika pembeni kwa mkono wake, herufi moja moja, kubwa, zimekanyaga chini: BAMVUA.